Begi la kupakata: namna ya kufunga safari ya Pemba bila ya kujitesa

Kila nikisafiri watu wananiuliza vipi mtu mzima unakwenda Pemba siku 4 na kibegi kama cha mtoto wa skuli. Jawabu fupi ni kuwa nshawahi kwenda na sanduku kubwa, nikakoma.

Lilikuwa sanduku jipya la magurudumu, la zambarau, nimelijaza mpaka zipu inalalama. Pale bandarini Malindi, Unguja, linateleza vizuri tu nami najiona. Kufika Mkoani, bandari ya Pemba, ndo mtihani ulipoanza, vijana wa mizigo wamenizunguka huyu anavuta huku huyu kule, nikalipa. Kwenye gari konda kaliangalia sanduku, kaniangalia mie, kasema "dada hilo liende juu", likapandishwa kwenye keria pamoja na mikungu ya ndizi, nikalipa tena. Njiani mvua. Kushuka Wete, njia ya kwa shangazi ni mchanga na mawe, gurudumu moja likang'oka hata hatujafika nusu, basi nikalitwika. Naingia uani nimerowa chapachapa, sanduku kichwani, shangazi kaacha ungo wa mchele, kanivuta pembeni ananinong'oneza: "Mwanangu, kuna kheri? Umeachwa?" Na majirani washaanza kuchungulia. Siku 4 zote kazi yangu ilikuwa kumueleza kila anayepita kuwa mume wangu yupo, mzima, ananisubiri Mjini.

Tokea siku ile kipimo changu ni paja. Begi ambalo siwezi kulipakata kutoka Mkoani mpaka Wete, maana yake nimezidisha. Kaa kwenye kiti hapo nyumbani, weka begi mapajani, fanya kama unangojea maharage yaive. Miguu ikianza kufa ganzi, fungua utoe kitu. Begi la kupakata konda halitozi nauli, haliendi kwenye keria kunyeshewa, hulishushi kwenye boti ukalitafuta kwenye rundo la mabegi meusi yote yanafanana. Na hii si ya Pemba tu, hata ukipanda daladala ya 116 kwenda Nungwi au 310 ya Makunduchi saa za watu kutoka kazini ndo utajua thamani ya begi dogo, mle ndani mtu mwenyewe hata pa kuweka mguu hana.

Sasa nguo. Wanawake wenzangu sie tuna siri moja ambayo hatuitumii vizuri nayo ni baibui. Baibui inafunika kila kitu, dera ulilovaa jana nani atalijua? Kwa siku 4 mie navaa baibui na dera moja mwilini, kwenye begi naweka madera mawili, suruali moja ya kulalia, mitandio miwili, nguo za ndani za siku zote na kandambili. Basi. Kama kuna harusi hapo ni hesabu nyengine, nguo ya harusi moja inaongezeka na viatu vyake, lakini viatu vya harusi vitie soksi na mapambo yako ndani yake visije vikakaa vitupu vimejaza hewa. Wanaume nyinyi kwenu rahisi zaidi, kanzu moja, suruali mbili, fulana, kikoi. Kofia ya mkono msiikandamize chini, ijaze nguo ndogondogo ndani isimame umbo lake, uiweke juu kabisa.

Na kanga, jamani. Doti moja ya kanga ni mzigo wa kitu gani, lakini kazi zake uhesabu mwenyewe: taulo, shuka la kujifunika, ya kusalia, mto ukiikunja, kizuizi cha jua dirishani mwa gari, na mtoto akilala njiani unambeba nayo. Mie taulo silibebi tena miaka mingi, taulo likirowa halikauki na linanukia begi zima, kanga ukiitundika saa mbili tatu ishakauka. Upande mmoja wa doti naufanya mfuko wa nguo, nauchukua nautandaza kitandani, dera nalikunja kwa urefu mara tatu, nalilaza juu ya kanga, la pili juu yake, mitandio, nguo za ndani naziweka katikati, afu naviringisha kuanzia chini huku nikikandamiza kwa goti hewa itoke, ncha mbili za kanga nafunga fundo. Linatoka bunda kama mkate wa boflo. Ukifika unalifungua nguo haijakunjika sana, na upande wa pili wa doti unao juujuu kwenye begi kwa ajili ya baridi ya boti, maana AC ya kule ndani wallahi utafikiri wamebeba samaki.

Angalieni msimu lakini. Wakati wa kusi, kuanzia mwezi wa 6 hivi, upepo upo na nguo ukifua usiku asubuhi unavaa, kwa hiyo punguza. Masika, mwezi wa 3 mpaka wa 5, nguo inakaa kambani siku mbili inanuka uvundo, hapo ongeza dera moja usijidanganye. Hiyo kusi nayo bahari ya baina ya Unguja na Pemba inachafuka, chukua ndimu na kipande cha tangawizi mfukoni, si kwenye begi, kwenye mfuko wa baibui, kwa sababu ukishaanza kuzidiwa huna muda wa kutafuta zipu.

Vitu vidogo nafanya hivi, kipande cha sabuni badala ya chupa za majimaji, mswaki, mafuta nayatia kwenye kikopo kidogo, panadoli, pakiti mbili za ORS, chaja. Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi au cha NIDA kikae na pesa mwilini. Pasi usibebe!! Nimemuona mtu kabeba pasi. Nyumba unayokwenda ina pasi, na kama haina jirani anayo. Sukari na mchele wa kumpelekea mwenyeji navyo usivibebe kutoka soko la Darajani, ni kweli mkono mtupu haulambwi lakini Wete na Konde maduka yapo, shuka gari, nunua dukani karibu na nyumba, ingia navyo. Shangazi hajali sukari imetoka wapi.

Hapo sasa umebaki na nafasi, na hiyo nafasi usiijaze, kwa sababu begi la kwendea Pemba si lako peke yako. Kwanza watakuja wa Mjini, "nichukulie hichi kwa dada Chake Chake, kidogo tu." Mie nakubali kwa masharti mawili, nikione ndani kuna nini na kiwe kinaenea kwenye nafasi iliyopo. Asiyetaka kufungua, abaki nacho. Afu kuna mzigo wa kurudi, huo ndo wenyewe, maana Mpemba hakuagi hivi hivi: shelisheli, machungwa, mkungu wa ndizi, ng'onda, halua ya Wete. Ndo maana chini kabisa ya begi naweka kiroba kimoja kilichokunjwa bapa, uzito wake hauzidi daftari. Mifuko ya plastiki usiitegemee, kwetu imepigwa marufuku na Bara nao tokea Juni 1, 2019. Kitu kimoja tu sikibebi hata nikiombwa na nani, karafuu kavu za watu. Karafuu zinauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali, nje ya hapo zinaitwa magendo, na bandarini hutakuwa na pa kujitetea kuwa ulipewa tu.

Wenye gari zenu nyinyi ndo wagonjwa zaidi, kwa sababu buti lipo wazi kila mtu anatupia. Sie tulikodi Noah kwenda Nungwi familia nzima, tukatia mabegi, magodoro ya watoto, deli la juisi, sufuria la pilau, kupita Kinyasini kidogo tairi ikasema puu. Jeki iko wapi? Chini ya kila kitu. Tukashusha mzigo wote pembezoni mwa barabara, wapita njia wanatupa pole wakidhani tumefukuzwa nyumba, na juisi ikamwagika. Siku hizi sheria yetu ni begi moja kwa kila mtu na kikapu kimoja cha chakula cha wote, na spea na jeki hapawekwi kitu juu yake hata mkeka.

Wanaovuka kwenda Bara kwa mabasi mambo ni hayo hayo, ila kule kuna baridi ya kweli. Ukienda Lushoto mwezi wa 7 sweta utalihitaji, usilitie kwenye begi, livae au lifunge kiunoni, na viatu vizito vaa mguuni kandambili zikae ndani. Utatoka jasho bandarini Dar, vumilia, maana kutoka pale mpaka stendi ya Mbezi ni safari nyengine na utashukuru mikono yako iko mitupu.

Kurudi, kiroba kinakwenda kwenye keria bila ya wasiwasi, shelisheli halina haja ya kupakatwa. Halua pakata, ikiwa kwenye vile vikapu vya ukili inakaa vizuri juu ya begi na haimwagiki mafuta kama hukuilaza upande. Na doriani ukipewa sema asante, kaa uani uile palepale na mwenyeji, osha mikono kwa ndimu, ndo uende stendi. Ukiingia nayo kwenye gari madirisha yamefungwa kwa mvua, hata hao waliokupisha kiti watakuteremsha.