Kabla ya Tone la Kwanza: Mambo ya Kuzingatia Unapotaka Kulainisha Nta ya Sikio Nyumbani

Watu wengi hapa Tanga wakihisi sikio limeziba hutafuta kwanza kitu cha kuchokonolea: njiti ya kiberiti, chupio la nywele, ufunguo, unyoya wa kuku, au kijiti cha pamba kilichonunuliwa dukani kwa imani kwamba kimetengenezwa kwa ajili ya sikio na hivyo hakiwezi kulidhuru. Dawa hufikiriwa baadaye, sikio likiwa limekwisha kuchubuka. Makala haya yanahusu yale yanayopaswa kutangulia, yaani mambo ya kupima, kuuliza na kuandaa, kwa sababu katika kazi ya kuondoa nta nyumbani sehemu kubwa ya usalama huamuliwa kabla mkono haujagusa sikio.

Swali la kwanza ni kama kuna haja yoyote ya kuiondoa. Nta si uchafu, ingawa ndivyo tunavyoiita majumbani. Hutengenezwa na tezi zilizo katika theluthi ya nje ya mfereji wa sikio, mfereji ambao kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 2.5 hivi, na kazi yake ni kunasa vumbi na vidudu, kuzuia maji yasiloweshe ngozi laini ya ndani, na kwa uchachu wake mdogo kuwapunguzia bakteria na kuvu nafasi ya kuota. Ngozi ya mfereji hukua taratibu kuelekea nje na kuibeba nta pamoja nayo, huku taya linapotafuna na kuzungumza likisaidia kuisukuma. Kwa hiyo mtu ambaye hasikii maumivu, hana mwasho, na usikivu wake haujapungua, hana sababu ya kutia chochote sikioni. Mwongozo wa mwaka 2017 wa chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani unasema hivyo hivyo: nta isiyoleta dalili na isiyomzuia daktari kuchunguza sikio iachwe ilivyo.

Nta nyingi zinazoziba masikio ya watu wazima hazikujiziba zenyewe. Mjomba wangu ana desturi ya kukaa barazani baada ya alasiri na kikombe cha kahawa chungu, akazungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti na kuanza kuizungusha sikioni huku macho ameyafumba kwa raha. Kila mzunguko huambulia nta kidogo ya pembeni, na iliyobaki husindiliwa ndani zaidi, pale ambapo ngozi haina tena nguvu ya kuirudisha. Siku moja njiti ilitoka bila pamba. Nilipomwambia, “Mjomba, pamba imebaki ndani,” alinijibu kwa sauti ya juu, “Unasemaje?” Wanaovaa vifaa vya kusaidia kusikia, au spika za masikioni kwa saa nyingi, nao huizuia nta isitoke kwa njia yake ya kawaida, na kwa wazee nta huwa kavu na ngumu zaidi. Yeyote anayekusudia kulainisha nta, basi, na aache kwanza kuchokonoa, maana haifai kulainisha kwa mkono mmoja na kushindilia kwa mwingine.

Jambo la pili ni kujiridhisha kwamba kinachoziba ni nta kweli. Dalili zake huja polepole: sikio kujaa, kusikia kwa mbali, mwasho, mvumo, na mara nyingine kikohozi kisicho na mafua, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaohusika na kikohozi una tawi linalopita katika mfereji wa sikio. Huweza pia kuja ghafla mtu akitoka kuogelea Raskazone, kwa sababu nta iliyokuwa imeacha upenyo mdogo hunywa maji, ikavimba na kuufunga. Lakini usikivu uliopotea ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, bila maji kuingia na bila sababu ya kueleweka, usidhaniwe kuwa nta. Huenda ni tatizo la sikio la ndani au la mshipa wa kusikia, na tiba yake ina manufaa zaidi ikianza mapema, katika siku za mwanzo. Kipo kipimo kidogo ambacho mtu anaweza kujifanyia: afumbe mdomo na kuvumisha sauti, “mmmm,” kisha asikilize ni upande upi inapovuma zaidi. Sauti ikivuma zaidi katika sikio lililoziba, hiyo ni dalili kwamba kuna kizuizi njiani, kama nta. Ikivuma zaidi katika sikio la pili lisiloziba, asitie mafuta wala maji, bali aende hospitali siku hiyo hiyo. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya daktari mwenye taa, lakini kinaweza kumzuia mtu asipoteze wiki nzima akitibu nta isiyokuwepo.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni uzima wa kiwambo cha sikio. Kiwambo ni utando mwembamba sana, unene wake kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na kikiwa kimetoboka, kila kinachotiwa katika mfereji hupita hadi sikio la kati, kikabeba vijidudu na kuleta maumivu, usaha na kizunguzungu. Anayejiandaa ajiulize kwa makini: Je, sikio hili limewahi kutoa usaha, hata utotoni? Je, nimewahi kupigwa kofi la sikio likavuma kwa siku kadhaa? Je, nimefanyiwa upasuaji wa sikio, au kuwekewa kijimrija kwenye kiwambo? Kwa watu wa mwambao wetu yapo maswali mawili zaidi. Wapiga mbizi huumia kiwambo kwa msukumo wa maji wasipoweza kusawazisha masikio wanaposhuka, na wavuvi waliokuwa karibu na mlipuko wa baruti, uvuvi haramu ambao bahari ya Tanga imeuonja kwa miaka mingi, huenda walitoboka masikio bila kupimwa. Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya haya, au hata “sina hakika,” kazi ya nyumbani iishie hapo. Vivyo hivyo kwa mwenye maumivu makali, homa, au majimaji yanayotoka sasa. Na kwa anayetegemea sikio moja tu kusikia, kwa kuwa hana la akiba. Mwenye kisukari au upungufu wa kinga apate ushauri kwanza, kwani mchubuko ambao kwa mwingine ungepona wenyewe unaweza kwake kuwa maambukizi yanayopenya hadi kwenye mfupa.

Watoto wadogo wasifanyiwe haya nyumbani. Mara nyingi kilichomo si nta bali punje ya choroko, kunde au ushanga, na punje kavu ikipata maji huvimba na kukwama zaidi. Ikiwa kinachoshukiwa ni betri ndogo ya duara, zile za saa na midoli, usidondoshe kitu chochote. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, kwani betri hiyo huunguza ngozi kwa muda mfupi.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye kilainishi, na hapa kila nyumba ina mwalimu wake. Kwetu Ngamiani alikuwa bibi. Alimimina mafuta ya nazi katika kijiko cha chai, akakishikilia juu ya makaa mpaka mpini ukaanza kumchoma vidole, kisha akasema, “Inama, mjukuu wangu.” Nikamwambia, “Bibi, yanafuka moshi.” Akajibu, “Yatapoa njiani.” Hayakupoa njiani. Mafuta hayahitaji moto kabisa: yanatosha kuwa na joto la mwili, na joto hilo hupatikana kwa kuishika chupa kiganjani kwa dakika chache au kuisimamisha katika bakuli la maji ya uvuguvugu, kisha kujaribu tone moja upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, na asubuhi za Julai, kipupwe kikiwa kimekolea, chupa iliyo dirishani huonekana imeingia weupe. Nadhani hapo ndipo desturi ya kijiko juu ya makaa ilipoanzia.

Kwa maoni yangu mafuta ya nazi yaliyokamuliwa nyumbani, yenye mashapo na harufu ya kuanza kuchacha, yaachiwe nywele. Mafuta safi ya zeituni yanafaa, na ya lozi pia, isipokuwa kwa mwenye mzio wa lozi. Na kwa kuwa baadhi ya matone ya dukani huwa na mafuta ya karanga, ni vema kusoma karatasi ya ndani kabla ya kulipa. Yapo pia matone ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 5, ambayo huifumua nta vizuri lakini yanaweza kukausha ngozi. Yasidhaniwe kuwa ni sawa na magadi ya jikoni tunayopikia maharage, ambayo si dawa ya sikio hata kidogo. Haidrojeni peroksaidi inayosafishia vidonda hutumika, ikiwa haizidi asilimia 3, na ni busara kuizimua kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, nusu kwa nusu. Mtumiaji aonywe mapema kwamba itachemka kwa povu na kelele karibu kabisa na ubongo wake, asije akaruka kitandani. Tafiti zilizolinganisha vilainishi hivi hazijaonyesha kimoja kinachovishinda vingine waziwazi, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua cha bei kubwa.

Dukani, eleza tatizo kwa maneno kamili. Niliwahi kuingia katika duka moja la dawa nikasema tu, “Sikio limeziba,” nikapewa matone ya antibayotiki bila swali hata moja, nikayatumia kwa siku tano nta ikiwa imetulia pale pale. Sema kwamba unataka kilainishi cha nta, na uulize kama muuzaji ni mfamasia.

Panga pia siku. Kipimo cha kawaida cha mafuta ni matone 2 hadi 3, mara 3 hadi 4 kwa siku, kwa siku 3 hadi 5, na nta inaweza kuendelea kutoka yenyewe vipande vipande kwa muda wa kama wiki mbili, hasa usiku. Katika siku za mwanzo usikivu unaweza kupungua zaidi kwa kuwa nta huvimba kabla ya kulegea. Dereva wa bodaboda asianze masikio yote mawili wiki anayoshinda barabarani, wala mwanafunzi asianze kesho yake ikiwa mtihani. Tafuta msaidizi, kwa kuwa kujidondoshea mwenyewe humwaga mengi shavuni kuliko sikioni. Tandika kanga kuukuu juu ya mto, lala ubavu, msaidizi avute sikio juu na nyuma ili mfereji uliopinda unyooke, adondoshe, kisha abonyeze taratibu kile kinundu kilicho mbele ya tundu. Kaa hivyo dakika 5 hadi 10. Usizibe kwa pamba, kwani itayanywa mafuta yote.

Wengi hawatahitaji zaidi ya hapo. Anayeona lazima asuuze kwa maji asubiri nta ilegee kwa siku hizo zote, na ahakikishe ana mpira laini wa kusuuzia sikio, safi na usiotumika kunyonyea kamasi za mtoto. Maji yawe yamechemshwa na kuachwa yapoe hadi joto la mwili, nyuzi 37 hivi. Joto hili si suala la starehe. Robert Bárány, daktari wa Vienna, aliona kwamba wagonjwa aliowasuuza masikio kwa maji baridi au ya moto walipata kizunguzungu na macho yao kuchezacheza, na uchunguzi wake wa chombo cha mizani ya mwili kilicho ndani ya sikio ulimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Nawe utaligundua jambo lile lile bila tuzo ukitumia maji ya mtungi. Fanya ukiwa umekaa, ukielekeza maji kwenye ukuta wa juu na nyuma wa mfereji, kamwe si moja kwa moja ndani, na kwa nguvu ndogo. Bomba kubwa la chuma lililokuwa likitumika zamani lisitafutwe: mwaka 2018 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliwataka wahudumu wa afya waache kulitumia kwa watu wazima kwa sababu ya madhara yake. Mshumaa wa sikio, unaouzwa kwa madai kwamba huvuta nta, hauvuti chochote. Majivu na nta unayoonyeshwa mwishoni ni ya mshumaa wenyewe.

Andaa mwisho wake pia, yaani ujue ni lini utaacha. Maumivu, damu, usaha au kizunguzungu kisichotulia vikitokea, acha papo hapo. Wiki mbili zikipita na sikio bado limeziba, nenda zahanati au kituo cha afya, na ikibidi upewe rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Bombo. Andika kwenye karatasi ulichotia, kwa siku ngapi, na kama sikio liliwahi kutoa usaha, kwa sababu ndiyo maswali ya kwanza utakayoulizwa. Na ukishakaa kwenye benchi, mtajie jina lako mwenzako wa karibu, maana ukiitwa hutasikia.