Namba ya mlango itume mwisho

Kwa mnaopangisha nyumba kwa siku chache: usimtumie mgeni namba ya kufungulia mlango mpaka akujibu kwa maandishi mambo mawili tu. Mtalala wangapi? Sherehe na sigara ndani haviruhusiwi, tumeelewana? Orodha ndefu ya masharti ukutani husomwa na wachache, tena kosa likishatokea. Lakini mtu akishaandika mwenyewe "tuko wanne", inamwia vigumu kuingiza kumi, na mkifika kwenye malalamiko una ushahidi mkononi. Muulize siku moja kabla, si usiku akiwa mlangoni na mizigo, maana hapo atakubali lolote. Kwa aliyekuja na nia ya kudanganya haisaidii. Huyo mtake aweke amana, na jirani awe na namba yako ya simu.