Kukwea mwamba kwa mara ya kwanza: jinsi ya kujiandaa ukiwa Nairobi

Ukishazoea Ngong Hills na Longonot haikutoi jasho jingi tena, haitachukua muda kabla mtu kwenye kikundi chenu apendekeze Kinangop. Mlima huo uko kwenye safu ya Aberdare na una mita 3,906. Sehemu kubwa ya njia ni ya kutembea tu: msitu, mianzi, kisha nyasi za nyanda za juu zenye matope. Pale kileleni ndipo mambo hubadilika. Mbele yako kuna mwamba, na fimbo zako za kutembelea hazina kazi tena. Unapanda kwa mikono na miguu.

Wengi wanaoanza hujiandaa kwa kukimbia ili wapate pumzi. Pumzi ni muhimu, lakini hapo kwenye mwamba si pumzi inayowakwamisha watu. Wanakwama wakishuka. Kwa hiyo karibu kila hatua ninayoeleza hapa inahusu kushuka.

1. Ijue njia kabla ya kulipa

Mtafute mtu aliyepita huko karibuni umuulize maswali matatu. Nikiteleza mahali pabaya zaidi, nitaangukia wapi? Tunashuka kwa njia ileile? Kabla ya pale pagumu, kuna mahali pa kugeukia? Akijibu "ni rahisi tu, usijali", muulize mwingine.

Uingereza njia za namna hii hupewa daraja la ugumu, la 1 hadi la 3, na kwenye la 3 mara nyingi kamba huhitajika. Hapa kwetu njia nyingi hazina daraja lolote, ndiyo maana maswali hayo ni lazima. Picha za simu nazo usiziamini sana, kwani mwamba uliopigwa picha kutoka chini huonekana umelala kuliko ulivyo.

Epuka Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba uwe mwangalifu. Mwamba wenye ukoga ukilowa huteleza kama sabuni. Januari na Februari ndiyo miezi ninayompendekezea mtu anayeanza.

2. Viatu

Hapa sina haraka, kwa sababu wengi wetu tunanunua mitumba, Gikomba au Toi, na hakuna ubaya. Ubaya ni kununua kwa macho. Kiatu cha mlima kinaweza kuwa na ngozi safi kabisa huku soli yake imeoza. Ile tabaka laini kati ya ngozi na mpira wa chini huzeeka hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa, na siku ya kwanza ya safari hugeuka makombo.

Muuzaji atakwambia, "Kastama, hii ni ngozi halisi." Mkubalie, kisha geuza kiatu. Kikunje kwa nguvu mahali vidole vinapokunjikia, uangalie nyufa ndogondogo pembeni mwa soli. Bonyeza ile tabaka kwa ukucha wa kidole gumba. Ikirudi mahali pake, sawa. Ikibaki na shimo au ikitoa unga, rudisha kiatu mezani hata bei ikishuka nusu. Ukishanunua, mpelekee fundi azungushie uzi kwenye soli, usitegemee gundi peke yake.

Soli iwe ngumu kiasi cha kukuwezesha kusimama kwa ncha ya mbele kwenye ukingo mwembamba. Jaribu kwenye ukingo wa barabara. Kucha za miguu zikate siku mbili tatu kabla ya safari, la sivyo utazikumbuka njia nzima ya kurudi.

3. Magoti na mapaja

Kama unakaa ghorofa isiyo na lifti, gimu unayo tayari. Simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, ukunje goti polepole mpaka kisigino cha mguu mwingine kiguse ngazi ya chini, kisha jiinue bila kujisukuma. Anza bila mzigo. Ukizoea, tia pakiti tatu za unga za kilo mbili mbili kwenye begi, na hapo utajua mapaja yako yakoje.

Wikendi nenda Longonot. Mzunguko wa ukingo wa kreta ni kilomita 7.2 na kilele kina mita 2,776, lakini mazoezi ninayoyataka yako kwenye zile teremko zenye vumbi na changarawe zinazoteleza. Shuka bila fimbo, hatua fupi, goti limekunjwa kidogo. Anayeshuka kwa kuegemea nyuma huishia kukaa kitako.

4. Mwamba mfupi kabla ya mrefu

Lukenya, ng'ambo ya Athi River, ina miamba ambayo wapandaji wa Nairobi wamefanyia mazoezi kwa miaka mingi. Mountain Club of Kenya, yenye makao yake Wilson Airport, ni mahali pazuri pa kupata watu wenye uzoefu wa kwenda nao. Siku ya kwanza usitafute ukuta mrefu. Tafuta jiwe lisilozidi kimo chako, lenye ardhi safi chini yake.

Kati ya mikono miwili na miguu miwili, viungo vitatu viwe vimeshika mwamba wakati wote, kimoja tu ndicho kihame. Kabla ya kuliamini jiwe, ligonge kwa kiganja. Likitoa sauti ya uwazi au likicheza, liache. Mshiko usukume kwenda chini badala ya kuuvuta kuja kwako, maana jiwe lililolegea ukilivuta linakuja na wewe. Miguu ibebe uzito, mikono iwe ya kukuweka sawa tu. Goti usiliweke juu ya mwamba, ukishapiga goti kusimama tena ni kazi.

Kila unachokipanda, kishuke papo hapo kwa njia ileile, uso ukitazama mwamba, ukichungulia kati ya miguu kuona pa kukanyaga. Rudia mpaka kushuka kusikuogopeshe kuliko kupanda.

5. Begi

Liwe dogo, likubane mgongoni, lisining'inize kikombe wala chupa. Maji, chakula, koti la mvua, sweta nzito, tochi ya kichwani. Fimbo ziingie ndani kabla ya mwamba. Helmeti tafuta ya kupandia milima. Ile ya boda iache nyumbani: ni nzito, na inaziba masikio yanayopaswa kusikia mtu akipiga kelele "Jiwe!"

6. Siku yenyewe

Ondokeni Nairobi saa kumi alfajiri, ada ya hifadhi ikiwa imelipwa kwenye eCitizen. Msitu wa Aberdare una tembo na nyati, kwa hiyo askari wa wanyamapori awe nanyi. Kubalianeni saa ya kugeuka mkiwa bado kwenye gari. Mimi husema saa sita mchana, hata kilele kikiwa kinaonekana, kwa sababu alasiri huja na ukungu na mvua.

Nairobi iko karibu mita 1,800, hivyo mnapanda zaidi ya mita 2,000 kwa siku moja. Kichwa kikiuma na mtu akianza kujikwaa au kutapika, huyo hakwei mwamba. Anashushwa, na hashuki peke yake.

Kwenye mwamba pandeni mmoja mmoja, asisimame mtu chini ya mwenzake. Wakati wa kushuka, mzoefu atangulie ili awaonyeshe wengine pa kukanyaga. Kiongozi akitoa kamba, muulize ataifunga wapi. Kamba isiyofungwa popote inaweza kuangusha wawili badala ya mmoja.

Miguu ikianza kutetemeka, nyoosha magoti, shusha visigino, pumua, na utafute kikanyagio kimoja tu kinachofuata. Mwambie aliye karibu nawe. Na anayeamua kubaki chini ya mwamba asibaki peke yake. Akae mbali na mawe yanayoporomoka, na sweta yake iwe kwenye begi lake mwenyewe, si la mwenzake aliyepanda kileleni.