Unalala garini Njombe? Anza na chini

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi mnaopanda Njombe mwezi wa sita na wa saba kwa Noah au Hiace iliyotandikwa godoro nyuma: baridi ya kule si hii ya kipupwe chetu cha kujifunika khanga. Mpaka Tunduru bado utakuwa unatoa jasho na kunicheka. Ukishaipita Songea, tutaelewana.

Blanketi la ziada liende chini, siyo juu. Bati la gari linanyonya joto la mwili kupitia godoro. Kunjua maboksi, tandika mkeka juu yake, ndipo uweke godoro. Vioo navyo zibeni kwa maboksi, ila kimoja kiacheni wazi upana wa kidole, la sivyo pumzi zenu zitageuka maji na alfajiri blanketi litakuwa limelowa.

Jiko la mkaa msiingize ndani, hata kama limeshakolea na halitoi moshi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haamki. Chemsheni maji nje, jazeni chupa ngumu, ivisheni soksi, wekeni miguuni.