Somo: Kumfuatilia babu aliyehamia Dodoma kutoka ng'ambo kwa kumbukumbu za zamani

Swali ni lilelile kila mara: babu yetu alitoka India, akafungua duka Dodoma, nasi tunataka kuujua ukoo wake, tuanzie wapi? Nimelijibu kipandekipande mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nalijibu lote, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Nimemlenga hasa aliyetoka Gujarat, Kutch au Kathiawar, maeneo ya magharibi mwa India, kwa kuwa ndio wengi wa wanaoulizwa, ingawa mwenye babu Mgoa (wa Goa, iliyokuwa koloni la Wareno huko India), Mwarabu au Mgiriki atapita njia hiyohiyo na kubadilisha vituo vichache. Mnachotafuta kwanza ni jina la kijiji alichozaliwa, na jina hilo linapatikana hapahapa Tanzania, katika karatasi alizoziacha. Asiyelipata hapa asipoteze nauli kulitafuta huko.

Hatua ya 1. Wahojini wazee, andikeni wanayosema, na wekeni tarehe ya mazungumzo. Msiwasahau majirani: duka la Bahi, Kintinku au Kilimatinde lilijulikana kwa jina la utani ambalo wateja walimpa mwenye duka, na jina hilo wajukuu wake wengi hawalijui.

Hatua ya 2. Kusanyeni makaratasi ya nyumbani: pasipoti, leseni za biashara, hati za nyumba, barua. Bahasha zisitupwe, kwani muhuri wa posta hutaja mji.

Hatua ya 3. Nendeni makaburini asubuhi au jioni, jua likiwa limelala, kwa sababu maandishi yaliyolika husomeka kwa kivuli chake. Lowesheni jiwe kwa maji safi tu, bila brashi ya chuma na bila chokaa. Pigeni picha jiwe zima, kisha kila mstari, hata ule wa herufi msizozisoma. Tarehe ya Hijria ibadilishwe kwa jedwali, si kwa kukisia, kwani mwaka wake una siku 354 au 355: mwaka 1359, kwa mfano, ulianza Februari 1940.

Hatua ya 4. Tafuteni kumbukumbu ya kifo RITA, wakala wa serikali anayeandikisha vizazi na vifo. Sheria ya uandikishaji ya 1920 iliwabana kwanza Wazungu na Waasia, kwa hiyo mwenye duka Mhindi aliyefariki enzi za Mwingereza ana nafasi kubwa ya kuwamo rejestani kuliko jirani yake Mgogo wa wakati huohuo. Kilicho bora kuliko cheti, hata hivyo, ni jalada la mirathi, kwa sababu msimamizi wa mirathi hutakiwa kuwataja warithi wote, pamoja na mke au ndugu waliobaki ng'ambo. Matangazo ya mirathi yalichapishwa pia katika Gazeti la Serikali.

Hatua ya 5. Tazameni maombi ya uraia. Tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa Tanganyika na mzazi mmoja aliyezaliwa hapa alikuwa raia moja kwa moja. Wengi wa waliobaki walipewa miaka miwili kuomba kuandikishwa. Miaka ya 1962 na 1963 ndiyo ya kuanzia, kwa kuwa mwombaji alitakiwa kueleza alikozaliwa.

Hatua ya 6. Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Ulizeni taratibu za kibali kabla ya kupanda basi. Aya hii isomeni polepole, kwa maana ndipo nilipopotea nami, na ndipo wengi mnapopotea. Dodoma ilitwaliwa kutoka kwa Wajerumani na majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali van Deventer mwishoni mwa Julai 1916, na majalada yanakatika hapo: kabla yake ni Kijerumani na rupia, baada yake ni Kiingereza, na shilingi kuanzia miaka ya 1920. Karani Mjerumani aliandika alichokisikia kwa herufi za kwao. Sauti yetu ya J aliiandika Dsch, CH akaiandika Tsch, SH akaiandika Sch, na V akaiandika W, hata Jivraj akawa Dschiwradsch na Virji akawa Wirdschi. Mkitafuta kwenye faharasa chini ya J au V mtatoka mikono mitupu na kudai kwamba babu hakuwapo, kumbe amelala chini ya D au W. Tahadhari ya pili ni nzito zaidi: katika desturi ya Kigujarati, jina la pili ni la baba, na makarani walilichukua kana kwamba ni la ukoo. Virji Jivraj akizaa mtoto, mtoto huitwa Fulani Virji, na jina la Jivraj linatoweka kwenye karatasi za kizazi kinachofuata. Katika mji mmoja wanaweza kuwapo Virji Jivraj wawili wasio na udugu wowote. Kwa hiyo msimpokee mtu katika ukoo kwa sababu majina mawili yamelingana. Takeni jina lake, jina la baba yake, na jambo la tatu lisilo jina, kama vile kijiji, mshirika wa biashara au kiwanja cha duka, na yathibitishwe na karatasi mbili zilizoandikwa kwa shughuli tofauti. Umri ulioandikwa kwenye pasipoti msiuhesabu kuwa ushahidi, wengi walikisia.

Hatua ya 7. Sasa ndipo mvuke bahari. Kutch, Nawanagar na Porbandar zilikuwa dola za watawala wa kienyeji, si sehemu ya India iliyotawaliwa moja kwa moja na Uingereza, kwa hiyo kumbukumbu zake hazitafutwi mahali pamoja. Aliyeandika "Jamnagar" huenda alitaja mji mkuu wa Nawanagar tu, na kijiji chake kikawa mbali nao. Familia za Kihindu ziulize pia kama kuna barot anayetunza vitabu vya nasaba vya ukoo wao. Wagoa waende kwenye rejesta za ubatizo za parokia, zilizoandikwa kwa Kireno.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kizota: Babu yangu alikuwa Mwarabu, anaitwa Abdallah. Naomba unitafutie ukoo wake.

Jibu: Rudi hatua ya 1, ndugu yangu.

Mwanachama, Kizota: Kwa hiyo hamsaidii watu.

Jibu: Tunasaidia. Baba yake Abdallah aliitwa nani, duka lilikuwa mji gani, na alifariki muongo gani?

Mwanachama, Area C: Sisi tunajua kwa uhakika kwamba babu aliletwa na Wajerumani kujenga reli. Mbona hukutaja orodha za vibarua wa Kihindi?

Jibu: Sikuzitaja kwa makusudi. Vibarua wa mkataba kutoka India, wapatao 32,000, waliletwa na Waingereza kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Reli ya Kati, iliyoanza Dar es Salaam 1905 na kufika Dodoma 1910, ilijengwa kwa sehemu kubwa na vibarua Waafrika, Wanyamwezi wakiwa wengi miongoni mwao. Sisemi kwamba wazee wenu wamedanganya. Wafanyabiashara waliifuata reli kituo kwa kituo wakiwauzia vibarua nguo na chakula, na masimulizi ya "alikuja na reli" hugeuka kwa urahisi kuwa "alijenga reli". Mtafuteni kwenye leseni za biashara.

Mwanachama, Mvumi: Shikamoo. Bibi yangu alikuwa Mgogo, na baba wa mama yangu alikuwa mwenye duka ambaye hakumwoa. Kwenye rejesta ya ubatizo nafasi ya baba ni tupu. Je, njia imefungwa?

Jibu: Marahaba, dada. Haijafungwa. Omba kuona ukurasa wenyewe, si cheti kilichonakiliwa, kwa sababu pembeni mwa rejesta huongezwa maelezo ya baadaye, hasa ya ndoa. Tazama majina ya wadhamini na mahali walipoishi. Kisha orodhesha wenye leseni za duka katika kijiji hicho kwa mwaka mmoja kabla ya mama kuzaliwa. Kijiji kidogo kilikuwa na maduka machache mno, na orodha itakuwa fupi. Kipimo cha vinasaba kitafaa baada ya hapo, ukiwa na familia mahususi ya kulinganisha nayo. Wazee wakisita kusema, usiwalazimishe. Rudi siku nyingine.

Mwanachama, Kondoa: Je, somo hili linawafaa wanaotafuta Wapoland waliokaa kambini huku kwetu?

Jibu: Hatua za 1 hadi 3 zinafaa. Wale walikuwa wakimbizi walioanza kuletwa 1942 kutoka Urusi ya Kisovieti kupitia Uajemi, wakawekwa Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro, na wengi wakaondoka baada ya vita kwenda Uingereza, Australia na Kanada. Tafuteni majalada ya kambi, si ya leseni.

Mwanachama, Mpwapwa: Tuna daftari la duka lenye jalada la kitambaa chekundu. Ukurasa wa kwanza una neno moja lililorudiwa kwa umbo la pembetatu, na juu yake namba 1986. Baba anasema duka lilifungwa 1971. Inawezekanaje?

Jibu: Ahsante kwa kueleza ulichokiona. Hiyo ni chopda, yaani daftari la hesabu la wafanyabiashara wa Kigujarati, na neno hilo bila shaka ni "Shri", ambalo huandikwa hivyo daftari linapofunguliwa wakati wa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Namba ni mwaka wa Samvat, kalenda ya Kihindu. Kwa tarehe za kuanzia mwaka mpya wa Kigujarati, siku baada ya Diwali, hadi Desemba punguza 57, na kwa zile za Januari hadi Diwali inayofuata punguza 56. Kwa hiyo daftari lako lilifunguliwa Novemba 1929. Piga picha kurasa za mwanzo na za mwisho, kisha zile zenye jina moja linalojirudia kila mwaka kwa kiasi kinachokaribiana, kwani hizo mara nyingi ni fedha za kupeleka nyumbani, na kando yake huenda pametajwa kijiji. Mtafute mzee asomaye Kigujarati cha mkono, si cha chapa tu, na umpe picha. Daftari lenyewe libaki nyumbani.