Chaas, baflo na wali wa mtindi: vya Kihindi vya kupoza mwili siku za joto kali

Ukitaja kinywaji cha Kihindi cha wakati wa joto, wengi wanawaza lasi, yaani mtindi uliopekechwa. Lasi ni tamu, sikatai. Lakini ile ya Punjab yenyewe, nzito, sukari imekolea na malai yameelea juu, ukiinywa saa saba mchana kinachofuata ni usingizi. Nilisoma Ahmedabad, Gujarat, miaka mitatu. Kule mwezi wa Mei digrii 42 ni siku ya kawaida. Mei 2010 zilifika 46.8, watu wengi wakapoteza maisha, na mwaka 2013 jiji likajiwekea mpango maalumu wa kujihami na joto. Miezi hiyo, katika nyumba nilizozoea kuingia, sikuona mtu akitegemea lasi. Walikunywa kitu chepesi, chenye chumvi na uchachu: chaas ya mtindi na maji, au baflo ya embe bichi. Jasho linaondoka na chumvi yako, na ukijaza soda baridi juu yake bado hujarudisha kilichotoka.

Mama aliyetupangisha chumba, tuliyemwita Masi, yaani mama mdogo, ndiye aliyenifundisha viwili kati ya hivi vitatu. Mpaka leo navitengeneza hapa Dar es Salaam kaskazi ikikaza.

Kwanza, bizari

Usiruke hatua hii. Bizari nyembamba (wengine jira, Unguja uzile) ikitiwa mbichi kwenye kinywaji inakwaruza koo na haina ladha yoyote ya maana. Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, bila mafuta, umimine vijiko vitatu vya chakula. Koroga bila kuacha. Dakika ya kwanza hutanusa kitu. Kisha mbegu zinaanza kuruka moja moja, moshi mwembamba unatoka, na rangi inahama kutoka ukijani wa vumbi kwenda kahawia. Hapo hapo mimina kwenye sahani baridi, kwa sababu ukiziacha kwenye kikaango zinaendelea kuungua hata jiko likiwa limezimwa. Zikifika nyeusi, tupa, anza upya. Uchungu ule haufichiki.

Twanga kwenye kinu kidogo, isiwe unga kabisa. Weka kwenye chupa yenye kifuniko. Wiki mbili bado inanukia, baada ya hapo unakunywa vumbi.

Kitu cha pili cha kuwa nacho ni chumvi nyeusi, ambayo dukani utaiulizia kwa jina la kala namak. Maduka ya viungo ya Kisutu wanayo, na Mombasa utaipata Marikiti. Jiwe lake lina rangi ya zambarau iliyokolea, ila ikisagwa inakuwa ya waridi. Inanuka yai la kuchemsha. Mara ya kwanza nilidhani nimeuziwa kitu kilichooza. Tia kidogo tu, na harufu hiyo hiyo ndani ya bilauri inageuka kuwa kitu usichoweza kukikosa.

Mtindi wa nyumbani

Wa dukani unafaa, mradi usiwe na sukari wala vanila. Soma pakiti. Ila wa nyumbani ni bora na ni rahisi: chemsha lita moja ya maziwa, yaache yapoe mpaka kidole cha mkono ulionawa kikae ndani bila kukimbia, koroga kijiko kimoja cha chakula cha mtindi wa jana, funika, usiuguse. Kwa joto la Dar saa tano au sita zinatosha. Ukisahau mpaka asubuhi utakuwa mkali. Huo utumie kwenye chaas, usiupeleke kwenye wali.

Chaas

Kule Gujarat chakula cha mchana bila chaas ni kama hakijaisha. Kwa asili ni yale maziwa yanayobaki baada ya kupekecha mtindi na kutoa siagi. Siku hizi watu wengi wanaongeza maji kwenye mtindi tu, nami nafanya hivyo.

Hatua ya 1. Pima kikombe kimoja cha mtindi uliopoa kwa vikombe vitatu vya maji baridi. Mkono utataka kupunguza maji. Ukatalie. Chaas inapaswa kuteleza kooni kama maji. Ikishika kwenye ukuta wa bilauri bado ni nzito.

Hatua ya 2. Pekecha mtindi kwanza peke yake mpaka mabonge yaishe, ndipo utie maji kidogo kidogo. Masi alikuwa na upekecho wa mti, anauzungusha kati ya viganja viwili, dakika mbili povu limejaa. Usipokuwa nao tumia mchapo wa mayai. Blenda nayo sawa, ila sekunde kumi tu. Siku niliyowakaribisha wageni niliiwasha nikaenda kufungua mlango, salamu zikawa ndefu, niliporudi nikakuta vipande vya siagi vinaelea juu ya maji meupe. Tuliipaka kwenye mkate.

Hatua ya 3. Kwa kipimo hicho tia nusu kijiko cha chai cha chumvi ya kawaida, chumvi nyeusi ya kushika kwa vidole viwili, na nusu kijiko cha chai cha ile bizari. Twanga pamoja kipande kidogo cha tangawizi, majani machache ya mnanaa, majani ya giligilani na nusu pilipili mbichi, utie humo. Pilipili isikushangaze: inakutoa jasho, na jasho likikauka ndilo linalopoza ngozi.

Hatua ya 4. Acha kwenye friji nusu saa, koroga tena ndipo umimine, maana ikitulia maji yanapanda juu na mtindi unashuka. Barafu siweki. Ikiyeyuka inaharibu kipimo cha chumvi ulichokihangaikia.

Mwenye shinikizo la damu apunguze chumvi, au afuate alivyoambiwa na daktari wake. Na mtu aliyepigwa na joto mpaka anaongea maneno yasiyoeleweka, usikae unampekechea chaas. Mwondoe juani, mmwagie maji, apelekwe hospitali.

Baflo, maji ya embe bichi

Kaskazini ya India wanaita aam panna, na huko ndiyo kinga yao dhidi ya loo, upepo mkavu wa moto unaovuma Mei na Juni. Wagujarati wanaita baflo, kwa kuwa embe linachemshwa. Sisi tuna bahati nyingine: maembe yetu ya pwani yanaanza kuning'inia mabichi wakati joto lenyewe linapanda, kuelekea Desemba.

Chagua maembe mawili mabichi kweli, magumu, ambayo ukikata ndani ni meupe. Likiwa na dalili ya unjano liache liive ulile. Unaweza kuyachemsha mazima na maganda yake dakika 20 hivi, lakini mimi nayachoma kwenye mkaa, nikiyageuza mpaka ganda liwe jeusi na embe liwe laini ukiliminya kwa koleo. Yakipoa, ganda linavuka lenyewe kama soksi. Chukua nyama yote, na ile iliyoshikana na kokwa uikamue kwa vidole. Humo ndimo ladha iliko. Moshi unabaki ndani, na huo moshi ndio sababu yangu ya kuwasha mkaa.

Ponda na sukari guru. Kiasi kinategemea ukali wa embe, anza na nusu kikombe uonje. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha bizari ya kukaanga, kijiko cha chai cha chumvi nyeusi, pilipili manga kidogo, mnanaa uliotwangwa. Utapata rojo la kijani kibichi cha kuchafuka, halipendezi machoni. Weka kwenye chupa ya kioo ndani ya friji, linakaa siku kadhaa. Ukitaka kunywa, vijiko vitatu kwenye bilauri, jaza maji baridi, koroga. Usipikie wala kuhifadhia kwenye sufuria ya alumini isiyopakwa kitu, asidi ya embe inaila.

Wali wa mtindi

Hiki si cha Wagujarati, ni cha kusini mwa India. Nilifundishwa na mwanafunzi mwenzangu, binti wa Kitamil. Wao wanauita thayir sadam na mara nyingi ndio wanaomalizia nao mlo, hata kama kabla yake wamekula mchuzi wa kuwasha. Mswahili akisikia wali na mtindi anakunja uso. Nilikunja pia.

Pika kikombe kimoja cha mchele kwa maji mengi, ulainike ukaribie mashendea. Uponde kwa mwiko ungali moto, tia nusu kikombe cha maziwa. Sasa subiri. Ukitia mtindi kwenye wali wa moto unakatika, unabaki na chengachenga ndani ya maji makali. Wali ukiwa vuguvugu, changanya vikombe viwili vya mtindi usio mkali na chumvi. Uwe mlegevu kuliko unavyotaka, kwa sababu ukikaa unakaza.

Halafu viungo vya mafuta. Pasha vijiko viwili vya mafuta, tia kijiko cha chai cha mbegu za haradali, ufunike haraka la sivyo zitakurukia usoni. Zikinyamaza, tia kijiko cha dengu za urad (choroko nyeusi zilizokobolewa) zigeuke rangi ya dhahabu, kisha pilipili kavu moja, tangawizi iliyokatwa, majani ya kari kumi hivi na mvuje kidogo sana, wa ncha ya kisu. Subiri mafuta yatulie dakika moja, mwagia juu ya wali. Punje za komamanga au tango lililokatwa vipande vidogo zikiwepo, ni vyema.

Unaliwa baridi au wa kawaida, na achari ya ndimu pembeni. Ukibeba kazini utoe nyumbani ukiwa na maziwa mengi na mtindi kidogo. Kufika saa saba umejigandisha wenyewe ndani ya kopo na uchachu wake umefika mahali pake.