Baba, kanawe mikono: namna ya kumlisha mtoto mchanga kwa usalama

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, saa tisa za usiku. Mama yake alikuwa hawezi hata kugeuka, na mimi nimesimama kando ya kitanda kama mgeni aliyekosa kiti. Sista mmoja mtu mzima akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Baba, kanawe mikono. Kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Una kazi."

Tangu usiku ule nimeshalisha watoto watatu. Makosa mengi niliyafanya kwa yule wa kwanza, na ndiyo yanayonipa kiherehere cha kuandika haya. Nawasemesha zaidi akina baba wenzangu, ila bibi, shangazi na yeyote anayeachiwa mtoto mikononi naye asome.

Kazi yenyewe haikuwa kumlisha. Ilikuwa kumpeleka mtoto kwa mama yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye ndani ya saa moja tangu azaliwe, na upasuaji si kizuizi maadamu mama yuko macho. Mama anaweza kulala ubavu, mtoto akawekwa tumbo kwa tumbo naye, na wewe ukamshikilia mgongoni asibingirike. Kinachotoka siku hizo za mwanzo ni dang'a: nzito, ya manjano, kidogo sana. Nilipoiona nikaingiwa na hofu kwamba mtoto atakufa njaa. Sista akacheka. Tumbo la mtoto wa siku moja, akaniambia, linatosheka na kama kijiko kimoja cha chai kwa kila mnyonyo. Dang'a imejaa kinga za mwili, na haihitaji kusindikizwa na maji, glukosi wala kitu kingine chochote. Usiruhusu ikamuliwe ikamwagwa eti ni maziwa machafu.

Sasa sikiliza kuhusu kushika titi, maana hapa ndipo matatizo mengi huzaliwa. Mama akiumia kila mtoto anyonyapo, usimwambie avumilie. Mara nyingi mtoto kashika chuchu peke yake. Msubiri apanue mdomo kama anayepiga mwayo, ndipo mama amsogeze kwenye titi kwa haraka. Titi lisipelekwe kwa mtoto, mtoto ndiye aletwe kwenye titi. Akishika vizuri utaona kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umepinduka kwa nje, na ule weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Mashavu yamejaa, hayabonyei ndani. Utasikia anameza. Kama hayupo hivyo, mama aingize kidole kisafi pembeni mwa mdomo wa mtoto kuachanisha, waanze upya. Asimvute tu, chuchu itachanika. Mke wangu alianza upya mara nne katika mnyonyo mmoja, machozi yakimtoka, na mimi kazi yangu ilikuwa kushika taa na kunyamaza.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, usiku ukiwemo. Usiangalie saa kusubiri zamu yake, mtazame yeye. Akianza kugeuza kichwa akitafuta, akilamba midomo, akipeleka ngumi kinywani, ana njaa. Kilio ni dalili ya mwisho, na mtoto anayelia kwa hasira hashiki titi vizuri, itabidi umtulize kwanza. Lakini wiki za mwanzo kuna watoto wanaolala mno. Wetu alikuwa hivyo, nasi tukajisifu kwamba tumepata mtoto mpole. Mpole gani! Mchanga ambaye bado hajarudia uzito wa kuzaliwa asipitishe zaidi ya saa tatu au nne bila kunyonya. Mvue nguo, mkune nyayo, mbadilishe nepi, ataamka.

Utajuaje kama maziwa yanamtosha? Nilibandika karatasi ukutani nikawa napiga mstari kwa kila nepi. Kuanzia siku ya tano hivi, tarajia nepi zisizopungua sita zilizolowa kwa siku, mkojo usiwe wa rangi kali. Choo huanza cheusi cha kunata, kinageuka kijani, na kufikia siku ya nne au ya tano kinakuwa cha manjano. Uzito hupungua kidogo siku za kwanza, kisha unarudi. Kufikia wiki ya pili awe amefikia ule aliozaliwa nao. Nepi na mizani vitakueleza ukweli kuliko majirani.

Na maji? Hapana, mpaka afikishe miezi 6. Hata kukiwa na joto kali. Zaidi ya asilimia 85 ya maziwa ya mama ni maji tayari. Maji ya pembeni yanajaza tumbo dogo bila kulisha, yanaweza kuleta kuhara, na yakiwa mengi yanazimua chumvi ya damu hadi mtoto akapata degedege. Asali nayo ni mwiko mpaka mwaka mmoja, hata ya kulambishwa kidoleni, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotoa sumu kwenye utumbo wa mtoto na kumlegeza misuli mpaka ashindwe kupumua.

Mama akirudi kazini au akiugua, maziwa yanakamuliwa. Mikono isafishwe, chombo kiwe kimechemshwa, chenye mfuniko, na tarehe iandikwe juu. Kwenye chumba kisichozidi nyuzi joto 25 yanakaa saa 4. Kwenye joto zaidi ya hapo, yatumie mapema zaidi. Kwenye friji ni siku 4, na yawekwe ndani kabisa, si mlangoni ambako joto linapanda kila mtu anapochungulia. Yaliyogandishwa ni bora yatumike ndani ya miezi 6, na yakishayeyuka kwenye friji yana saa 24 tu, usiyagandishe tena. Kuyapasha, zamisha chombo kwenye bakuli la maji ya moto kisha yazungushe polepole, maana mafuta hujitenga na kupanda juu. Maikrowevu weka mbali: huacha sehemu nyingine vuguvugu na nyingine ya kuunguza ulimi, na kwa kugusa chupa nje hutajua. Yaliyobaki baada ya mtoto kuweka mdomo yana saa 2, kisha yamwage. Najua inauma. Mke wangu aliwahi kulia kwa sababu nilimwaga kikombe kizima. Yamwage hivyo hivyo.

Mimi nilianzia kwenye kikombe, si chupa. Kikombe kidogo cha kawaida, kisicho na kona, ni rahisi kukisafisha kuliko chupa yenye mifereji na chuchu. Mpakate mtoto akiwa wima kidogo, umfunge mikono kwa kitambaa asipige teke la mkono. Kikombe kiegeme taratibu kwenye mdomo wa chini, ukiinamishe mpaka maziwa yaguse tu midomo yake. Basi. Usimmiminie. Ataanza kulamba mwenyewe kama paka, na wa miezi zaidi atafyonza. Ukimmiminia atapaliwa.

Ukitumia chupa, usimlaze chali. Mnyanyue, chupa iwe karibu mlalo, maziwa yakijaza chuchu tu, na kila baada ya muda mfupi iinamishe chini apumue. Usiiegemeze chupa kwenye mto ukaenda kufanya mambo mengine. Mtoto hawezi kuisukuma akizidiwa. Akifumba mdomo, akigeuza uso, akifungua vidole vilivyokuwa ngumi, kashiba. Hapo ndipo nilipokosea sana. Nilidhani chupa tupu ndiyo cheti cha baba bora. Zilipobaki mililita 20 namsogezea tena, namtikisa shavu, mpaka zinaisha, halafu zinarudi zote begani mwangu. Mtoto anajua kipimo chake. Wewe hukijui.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, nalo ni la maziwa ya kopo. Tulilazimika kuyatumia kwa muda kwa ushauri wa daktari. Usiku mmoja, nimechoka hata jina langu silikumbuki, nikaongeza kijiko kimoja cha unga nikiamini maziwa mazito yatamlaza mpaka asubuhi. Hakulala. Alilia kwa kiu, na choo kikawa kigumu siku mbili. Sista nilipomweleza hakunigombeza, aliuliza tu, "Baba, wewe ukilishwa chakula cha chumvi ukanyimwa maji, unalala?" Unga ukizidi, figo za mtoto zinaelemewa na mwili unakauka. Unga ukipungua, kwa yule anayebania kopo lifike mwisho wa mwezi, mtoto anakonda na chumvi ya damu inashuka. Kipimo ni kile cha kwenye kopo, kwa kijiko cha kopo hilo hilo, kikiwa kimesawazishwa kwa kisu kisafi. Vijiko vya makopo tofauti havilingani.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: unga wa kopo si kitu kilichoondolewa vijidudu vyote. Unaweza kuwa na bakteria ambao kwa mtoto wa chini ya miezi 2, au aliyezaliwa njiti, huleta ugonjwa wa kuua. Ndiyo maana tunatumia maji ya moto, si kwa ajili ya kuyeyusha tu. Fanya hivi. Vyombo vikishasuguliwa kwa brashi na sabuni, vizamishe vyote kwenye maji, mapovu ya hewa yatoke, vichemke dakika 5 au zaidi. Viache vikauke vyenyewe juu ya kitambaa safi. Chemsha maji ya kunywa, yaepue, na usiyaache zaidi ya dakika 30, ili yawe bado na nyuzi joto 70 au zaidi. Maji yatangulie kwenye chombo, unga ufuate. Ukitanguliza unga, kipimo cha maji kinadanganya. Koroga, kisha poza chupa kwa kuishikilia chini ya bomba, maji yasiguse mdomo wa chupa. Dondosha tone ndani ya kifundo cha mkono wako: liwe vuguvugu, usilisikie kama moto. Yasipoisha ndani ya saa 2, mwaga. Tengeneza ya mlo mmoja kila mara. Kubeba chupa iliyokwisha kuchanganywa asubuhi ukampa mtoto saa sita ni kuwafugia bakteria shamba.

Kumcheulisha ni kazi nyepesi: begani, au kaa naye mapajani ukimshika kidevu, umpapase mgongo. Asipocheua ndani ya dakika chache, mwache. Kutema maziwa kidogo baada ya kula si ugonjwa.

Miezi 6 ikitimia, anza kumlikiza, yaani kumzoesha chakula kingine, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi. Dalili zake ni kukaa kwa msaada kidogo, kusimamisha shingo, kuacha kusukuma chakula nje kwa ulimi. Anza na vijiko viwili vitatu vya chakula kilichopondwa, kizito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kutiririka. Akiba yake ya madini ya chuma inapungua umri huu, kwa hiyo nyama iliyosagwa, yai lililoiva kabisa na maharage yaliyopondwa visingoje mpaka amalize mwezi mzima wa viazi. Kati ya miezi 6 na 8 mpe mara 2 hadi 3 kwa siku, baadaye 3 hadi 4. Chumvi na sukari acha. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka.

Alishwe akiwa amekaa, na wewe umekaa mbele yake bila simu. Karanga nzima, bisi, karoti mbichi, pipi na vipande vya mviringo visimkaribie; zabibu ipasue kwa urefu mara nne. Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akinyamaza, hatoi sauti, midomo inabadilika rangi, huyo amekabwa. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, umeshika taya lake, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisipotoka mgeuze chali, msukume kifuani mara 5, katikati, chini kidogo ya usawa wa chuchu. Rudia, huku mtu mwingine akipiga simu ya dharura. Aliye chini ya mwaka mmoja usimminye tumbo, wala usichokonoe koo kwa kidole bila kuona kitu. Akilegea na kupoteza fahamu, anza kumpumulisha na kumkandamiza kifua mpaka msaada ufike. Mimi nilijizoeza kwenye mwanasesere wa binti wa jirani, akanicheka wiki nzima.

Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata iwe usiku, ukiona mchanga amekataa kunyonya kabisa, amelegea haamshiki, anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, ana homa au mwili umepoa, anatapika kijani, utosi umebonyea, nepi zimekauka kwa saa nyingi, au umanjano umefika viganjani na nyayoni. Wa pili wetu tulimkimbiza saa nane za usiku kwa sababu alikataa titi mara tatu mfululizo. Yalikuwa ni mafua tu, pua imeziba. Nikamwomba Sista radhi kwa kumsumbua. Akaniambia nimvue mtoto soksi ampime tena, kisha akauliza: "Mikono umenawa?"